Komeo la Kizimba cha Tatu

Nyuma ya mgongo wake walimwita Kiranja, naye alilijua jina hilo wala halikumchukiza. Shule ya bweni ilikuwa imemfundisha kwamba mtu anayesimamia jambo lazima asemwe. Saa moja na nusu kamili asubuhi alifungua mlango wa ghorofa ya tatu ya makumbusho, akafuta meza aliyoifuta jana yake jioni, akavaa miwani, kisha akavuta droo moja kati ya mia nne na kumi na mbili na kuwahesabu vipepeo waliochomwa pini ndani yake. Kila siku ya kazi alihesabu droo moja. Kuzimaliza zote kulimchukua zaidi ya mwaka mmoja na nusu, na alipozimaliza alianza upya. Vijana wa ghorofa ya chini walisema mzee yule huwakagua wadudu waliokufa kama mwalimu wa zamu anayekagua bweni, asije mmoja wao akawa ameruka ukuta.

Alikuwa mtunza vipepeo kwa miaka thelathini na moja. Aliishi katika vyumba viwili nyuma ya jengo hilohilo la makumbusho, na katika vyumba hivyo kulikuwa na sahani moja, kikombe kimoja, na viti viwili, kimoja kikiwa cha kuwekea magazeti. Hakujaliwa mtoto. Mke aliwahi kuwa naye, lakini habari hiyo hakuna aliyeisikia kinywani mwake, na kazini, nje ya ukoo wake, waliokuwa wakiijua walikuwa wamestaafu au wamezikwa.

Siku ya Ijumaa, saa tisa alasiri, mlango uligongwa mara mbili, akaingia binti wa marehemu kaka yake akiwa amekumbatia faili.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Ofisini hakuna baba mdogo."

"Haya. Shikamoo, Mheshimiwa Mtunza Vipepeo."

"Marahaba," alisema, na bila kutabasamu akamsogezea kiti.

Binti huyo, mwanamke wa miaka thelathini na minne mwenye haraka ya kusema na subira ya kutenda, alikuwa mpima vinasaba katika maabara ya makumbusho. Kwa miaka miwili alikuwa akishughulikia jambo ambalo baba yake mdogo alilianza yeye akiwa bado mtoto wa shule. Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mbali na pwani kuna kisiwa kidogo chenye kilima, na juu ya kilima hicho upo msitu ambao mtu mwenye miguu mizuri huuzunguka kwa saa mbili. Ndani ya msitu huo huishi kipepeo wa kahawia anayependa kivuli, anayeruka chini chini kama mtu aliyeangusha sindano. Bara naye yupo, ila wa bara ana madoa mawili katika bawa la nyuma, na wa kisiwani ana doa moja. Kiranja, katika ujana wake, alikaa kisiwani humo miaka mitatu, akaandika kwamba vipepeo hao wametengana na wenzao wa bara kwa muda mrefu mno, hata wamekuwa watu wengine. Kwa ajili ya neno lake hilo, msitu ule uliwekewa uzio, na wachimba kokoto wakakatazwa kuugusa.

Sasa wachimba kokoto walikuwa wamerudi na mawakili. Jumatatu bodi ingekaa kuamua kama uzio ubaki au uondolewe, na kilichongojwa ni taarifa ya vinasaba.

"Nimemaliza miguu yote arobaini," binti alisema. Kipimo kilihitaji mguu mmoja tu wa kila kipepeo, na Kiranja mwenyewe ndiye aliyewaomba watu wa kisiwani wamletee vipepeo wapya, kisha akaing'oa miguu hiyo kwa kibano, mmoja mmoja, akiitia katika vichupa. "Thelathini na mmoja wako vilevile ulivyosema tangu zamani. Wameachana na wa bara kwa maelfu ya miaka. Wamekuwa wageni kabisa kwa wenzao."

"Nilisema."

"Ulisema, na wote tunajua kwamba ulisema. Lakini wale tisa waliobaki wamenishinda."

"Tisa wana nini?"

"Upo urithi ambao hupita kwa mama peke yake. Baba hana lake. Sasa hawa tisa, ukoo wao wa mama ni wa bara. Tena wa juzi juzi." Alifungua faili, akamwonyesha mistari ya rangi. "Maana yake wanavuka bahari, baba mdogo. Upepo unawachukua. Kumbe hawakutengana, bado wanatembeleana."

Safari hii hakumkosoa kwa kumwita baba mdogo.

"Hao tisa," aliuliza polepole, "wanafanana wao kwa wao?"

"Kama mapacha! Hilo ndilo lililonichekesha. Yaani kana kwamba wote wametoka tumbo moja. Nikaandika kwamba yaelekea ni jike mmoja aliyepeperushwa na dhoruba. Akipita mmoja, watapita wengine. Na kama wanapita, basi mawakili wale wana haki yao, kisiwa si peke yake." Alimtazama usoni. "Umekuwaje? Unaumwa?"

"Niachie hiyo faili. Nitakuita."

Alipobaki peke yake, hakuisoma. Aliinuka akaenda kwenye kabati la chuma, akatoa madaftari ya kisiwani, akalivuta lile la mwaka wa tatu. Hakuhitaji kupekua, kwa kuwa lilifunguka lenyewe mahali pake.

Mwaka ule yeye na mke wake walijenga vizimba vitatu vya wavu nyuma ya kibanda chao. Alitaka kujua kama doa lile huletwa na chakula au na damu. Kwa hiyo alikwenda bara, akamkamata jike mmoja, akachukua mayai yake na kuyaleta kisiwani, ili viwavi wa bara walishwe majani ya kisiwani. Mlishaji alikuwa mke wake. Kila alfajiri alichuma majani, akawafuta viwavi umande kwa unyoya, akawasemesha kama watu. Walipojifunga ndani ya vifuko vyao na kutoka wakiwa na mabawa, wote walikuwa na madoa mawili. Damu ndiyo iliyoshinda. Kiranja alifurahi siku nzima, na furaha hiyo yote aliimalizia daftarini.

Juma lililofuata, siku ya Alhamisi, mke wake aliondoka. Alikuwa amekwisha kusema ataondoka, akasema tena, na mara ya tatu akafunga begi. Boti ya barua ilikuwa ikija kila Alhamisi saa nne. Kiranja alikuwa mezani na lenzi yake. Aliambiwa, "Mimi nakwenda," akajibu, "Safari njema," wala hakuinua kichwa, kwa kuwa aliamini kwamba anayetaka kwenda habembelezwi. Baada ya sauti ya injini kupotea ndipo alipotoka nje. Mlango wa kizimba cha tatu ulikuwa wazi, komeo likining'inia, na ndani hamkuwa na hata mmoja wa wale vipepeo wa bara.

Yeye ndiye aliyekuwa amelifunga komeo hilo asubuhi. Au alidhani amelifunga. Ilikuwa asubuhi ambayo kichwa chake hakikuwa chake, basi akajihukumu papo hapo: nimesahau. Mtafiti aliyewaachia wageni katika msitu aliokuja kuulinda! Jioni aliandika, kwa hati iliyonyooka: *Alhamisi. Hali ya hewa shwari. Vipepeo wa kizimba cha tatu wamekufa wote.*

Huo ulikuwa uongo mmoja katika madaftari kumi na tisa. Alijiambia kwamba hawatadumu, kwamba wageni wale watakufa bila kupata wenza. Kumbe walipata, na wajukuu wa wajukuu wao walikuwa wamelala katika vichupa tisa ghorofa ya chini.

Alikaa mpaka jua likahama mezani. Angeweza kunyamaza. Binti angepeleka taarifa yake ya kweli yenye maana ya uongo, kilima kingesagwa kokoto, na daftari lingebaki safi. Kila karatasi ndogo chini ya kila pini katika droo zile iliandikwa kwa kuyategemea madaftari yake, na akisema kwamba alidanganya mara moja, nani atamwamini katika mengine? Wakati wa ukiranja wake aliwahi kumpeleka rafiki yake wa damu kwa mwalimu mkuu kwa kosa la kuandika jina la mtu mwingine kwenye orodha ya zamu. Rafiki huyo alifukuzwa, na hawakusalimiana tena mpaka leo. Kiranja hakuwahi kujuta. Alijiuliza sasa, kwa mara ya kwanza, huyo mwenzake alikula nini jioni ile njiani.

Akanyanyua simu ya ndani. "Njoo," alisema.

Binti alimsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake. Mwisho akavuta pumzi.

"Kwa hiyo ni tumbo moja kweli. Nilisema kwa utani."

"Ulisema kweli."

"Basi kilima kimepona! Ukiondoa hao tisa, hakuna aliyevuka. Hata mmoja." Kisha uso wake ukabadilika. "Lakini mawakili watalishika daftari. Limeandikwa walikufa. Leo unasema walitoroka. Neno lako la leo na neno lako la zamani yanagombana, na wewe ndiye shahidi wa pande zote mbili. Watasema mzee amejitungia hadithi kuokoa msitu wake. Na hata wakikuamini, baba mdogo, bodi haitakuachia funguo za droo hizi. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Hakuna mwingine aliyeviona vizimba hivyo?"

"Yupo aliyekuwa akiwalisha."

Binti aliisukuma faili kando. "Mama mdogo."

"Huyo. Sijui yuko wapi. Sijui hata kama yu hai."

"Yu hai. Ana kisukari na ana maneno. Namba yake ninayo, huwa tunaongea kila mwezi."

Kiranja alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kila mwezi? Tangu lini?"

"Tangu msiba wa baba. Alikuja mazikoni, ulikuwa umesimama upande wa wanaume. Hukugeuka." Aliandika namba kwenye kipande cha karatasi. "Nimpigie mimi?"

"Hapana. Kosa ni langu."

Jumamosi makumbusho hufungwa. Alikuja saa moja na nusu kama kawaida, amevaa tai. Aliandika maswali matatu kwenye karatasi ili asipotee njia: vipepeo walikuwa wangapi, mayai yalitoka kwa majike mangapi, na kama anakumbuka hali ya vizimba siku ya mwisho. Akangoja saa tatu, saa ambayo aliihesabu kuwa ya heshima, akabonyeza namba.

Iliita mara tano.

"Haloo?"

Alikuwa ameandaa sentensi, ikamtoka kichwani. "Hodi," alisema.

Upande wa pili kikaja kicheko cha mwanamke aliyezeeka vizuri. "Nani mwingine duniani anapiga hodi kwenye simu? Karibu, Bwana Daftari. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Habari za siku nyingi?"

"Nyingi ndiyo. Miaka ishirini na miwili ni siku ngapi? Wewe ndiye bingwa wa kuhesabu."

"Ninakupigia kwa jambo la kikazi."

"Lingekuwa la nini tena!" alisema, lakini bila ukali. "Sema."

Akasoma swali la kwanza. Mwanamke alijibu bila kufikiri: majike kumi na wawili, madume saba, na dume mmoja alikuwa na bawa lililokunjamana ambaye alimpa jina la Chongo ingawa macho yake yalikuwa mazima. Akasoma la pili. Mama yao alikuwa mmoja. "Mayai yake uliyaleta ndani ya kopo la chai, ukanikataza kunywa chai siku mbili."

Swali la tatu alilisoma kwa sauti ya chini zaidi. Kisha, kwa kuwa aliona si haki kumhoji mtu kabla ya kukiri mwenyewe, akaongeza: "Siku ile nilisahau kulifunga komeo la kizimba cha tatu. Walitoka wote. Nikaandika kwamba wamekufa. Sasa imebidi nikanushe, na ninahitaji mtu wa kuthibitisha kwamba walikuwa hai."

"Ulisahau komeo? Wewe?"

"Kichwa hakikuwa sawa."

"Baba wee! Unainuka kitandani mara mbili kuhakikisha kama mlango umefungwa, usahau komeo?" Kiranja alisikia sufuria ikiwekwa juu ya kitu. "Ulilifunga. Nililifungua mimi."

Aliitazama karatasi yake. Swali la nne hakuwa ameliandika.

"Wewe?"

"Mimi. Nilipotoka na begi langu. Nikalifungua, nikautikisa wavu mpaka akatoka wa mwisho."

"Kwa hasira?"

"Ingekuwa hasira ningechoma daftari. Nilitaka uje." Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Nilijiambia, huyu bwana hatakuja gatini kunizuia, hayo nimekwisha kata tamaa. Lakini akikuta kizimba wazi atakuja mbio, macho mekundu, kunigombeza. Nami heri nigombezwe kuliko kuondoka kama kifurushi cha posta. Nikakaa kwenye boti, naangalia njia. Nahodha akaniuliza, mama, tunamngoja mtu? Nikamwambia ngoja kidogo. Yule baba alikuwa mwema, alizima injini. Tulingoja nusu saa."

"Nilisikia injini ilipozimwa," Kiranja alisema. "Nilidhani ni hitilafu."

"Sasa ulikuwa ukifanya nini nusu saa nzima?"

"Nilikuwa nahesabu madoa."

Mwanamke hakucheka, wala hakulia. Alisema tu, "Haya."

"Kwa nini hukuniambia? Barua hata moja?"

"Kwa nini hukuniuliza? Mtu anakuta kizimba kitupu na mke hayupo, hajiulizi?" Kisha sauti yake ikalegea. "Tuyaache. Nambie, hao vipepeo wangu waliishi?"

"Tisa katika kila arobaini ni uzao wao."

"Wee! Basi nami nina wajukuu kisiwani. Wana madoa mangapi?"

"Moja. Wameoana na wenyeji. Kwa nje huwezi kuwatenga."

"Wamejifunza adabu za nyumbani kwao. Wamenishinda." Nyuma yake sauti ya mtoto iliita, *Bibi! Bibi, inamwagika!* "Ninaitwa. Hawa ni wajukuu wa marehemu mume wangu wa pili, wamenirithi kama kabati. Sikiliza, Bwana Daftari. Andika kwamba ni mimi. Usiniandikie 'kwa bahati mbaya'. Haikuwa bahati, nilifungua kwa mkono wangu. Karatasi mpe mtoto wa shemeji aniletee, nitatia sahihi."

"Nitaandika."

"Na uandike yote."

Simu ikakatika. Kiranja alibaki ameishika sikioni, akisikiliza ule mlio ambao hauna maneno, mpaka nao ukakoma. Siku hiyo hakuvuta droo hata moja.

Aliandika tamko kwa mkono, kwa kuwa mashine ya ofisi hakupata kuiamini. Aliandika tarehe, idadi ya majike na ya madume, mama mmoja, kopo la chai. Aliandika kwamba maneno "wamekufa wote" yalikuwa uongo wake, yaliandikwa kwa kujua, wala hakuna aliyemshurutisha. Aliandika kwamba droo zote mia nne na kumi na mbili zihakikiwe upya na mtu mwingine, na kwamba funguo zimo ndani ya bahasha. Kuhusu komeo aliandika kwamba mtafiti alilifunga na mlishaji alilifungua. Hapo alisita, akatambua kwamba katika maandiko yake yote mlishaji hakuwahi kutajwa, majani yalichumwa na viwavi wakalishwa kana kwamba na malaika. Akaandika jina lake kamili, la kabla ya ndoa. Kisha akaandika kwa nini alilifungua.

Fomu ya makumbusho ilidai shahidi wa sahihi. Jumamosi hapakuwa na mtu ila mlinzi wa lango, kijana mnene aliyekuwa akimenya chungwa juu ya daftari la wageni.

"Mzee! Hata leo? Si wadudu nao wapumzike?"

"Nahitaji sahihi yako hapa chini. Kwamba umeniona nikitia yangu."

"Nisichokisoma sisaini. Marehemu mama aliniusia." Akajifuta mikono kwenye suruali, akaisoma karatasi kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikimchezacheza. Kiranja alisimama wima mbele yake kama anayengoja hukumu. Mlinzi alipofika chini alirudi juu kidogo, akagonga mahali fulani kwa ukucha.

"Hapa sijaelewa. Umeandika boti ilizima injini, ikamngoja mtu nusu saa, asije. Hilo nalo linahusu vipepeo?"

Kiranja alijua kwamba halikuwahusu. Mhariri yeyote angelikata, na yeye mwenyewe, kwa vijana wake, angelikata kwa wino mwekundu. Aliitwaa karatasi, akalisoma tena lile neno *nusu saa*.

"Linahusu," alisema, akamrudishia, na akampa kalamu.